Kiwanda Kijengwe kwa Nani?

Somo la historia kwa madarasa ya watu wazima, kama lilivyosomwa katika redio

Natumaini mwalimu wenu amekwisha kuitundika ramani ya Afrika ya Mashariki ukutani. Kama darasa lenu halina ramani, na achore ubaoni nchi tatu tu: Kenya, Uganda na Tanganyika, pamoja na ziwa lililo katikati yao na bahari iliyo upande wa mashariki. Halafu atie alama mahali penye miji sita: Mombasa, Nairobi, Jinja, Dar es Salaam, Tanga na Arusha. Ninyi mnaolisoma somo hili baada ya kulisikia mtaliona rahisi zaidi mkiweka kidole juu ya ramani.

Habari ya leo ni mashindano ya serikali. Serikali hushindana kwa mambo mengi, lakini sisi tutatazama jambo moja tu, yaani jinsi zinavyoshindana kuwavuta watu wenye mitaji waje kujenga viwanda. Mtaji maana yake ni fedha au mali inayotumiwa kuzaa mali nyingine. Mama anayekaanga maandazi sokoni, unga wake na karai lake ndio mtaji wake. Mwenye kiwanda cha saruji naye ana mtaji, ila wake ni mkubwa sana, na akipita mahali hata mawaziri humwamkia. Siku hizi watu hao tunawaita wawekezaji.

Kwa nini waziri amwamkie? Kwa sababu kiwanda kina kazi za watu, kina kodi, na kina heshima. Nchi isiyo na kiwanda huuza pamba na kununua shati. Nayo hujua kwamba pamba ya kilo moja haina thamani ya shati moja. Basi kila serikali hutaka shati lishonwe kwake. Lakini mwenye mtaji ni mmoja, na serikali zinazomtaka ni nyingi. Yeye huuliza: soko liko wapi? Bandari iko mbali kiasi gani? Umeme na maji vipo? Mtanitoza kodi kiasi gani? Je, kesho hamtaninyang'anya mali yangu? Akikwisha kupata majibu ya nchi ya kwanza, huyachukua na kwenda nayo nchi ya pili. Huko huwaambia, "Jirani zenu wamenipa haya. Ninyi mtanipa nini?"

Sasa tuingie katika historia yenyewe.

Nchi zetu tatu zilianza kuwa soko moja zamani, wakati wa utawala wa Waingereza. Kenya na Uganda ziliunganishwa kwa mambo ya forodha mwaka 1917, na mwaka 1927 Tanganyika ikawa imeingia kabisa. Kitu kilichotengenezwa Nairobi kiliweza kuuzwa Mwanza au Kampala bila kulipa ushuru. Kitu kilichotoka Japani au Uingereza kililipa ushuru ule ule, kikiteremka Mombasa au Dar es Salaam. Hata shilingi ilikuwa moja.

Hayo yaonekana mema, na kwa kweli yalikuwa na wema wake. Lakini tazameni ramani. Reli kutoka Mombasa ilifika Nairobi mwaka 1899, na mwishoni mwa mwaka 1901 ikafika ziwani, mahali paitwapo Kisumu leo. Makao makuu ya reli yakawa Nairobi. Wazungu walowezi wenye fedha za kununua vitu walikaa karibu na Nairobi. Mabenki yakafungua afisi zao kubwa Nairobi, na mawakala wa makampuni ya ng'ambo wakafuata mabenki. Mtu mwenye mtaji aliyekuja kutafuta mahali pa kujenga kiwanda cha kuuzia nchi zote tatu alishuka Mombasa, akapanda gari moshi, akateremka Nairobi, akakuta kila kitu kipo. Ya nini aendelee na safari? Kwa hiyo viwanda vingi vilivyouzia soko la nchi tatu vilijengwa Kenya, na hakuna aliyekaa akapanga hivyo kwa hila. Maji hufuata mfereji uliokwisha kuchimbwa.

Hapa nataka tutulie kidogo tufanye hesabu, maana bila hesabu hii ugomvi wa baadaye hautaeleweka. Mwalimu na aandike ubaoni. Tarakimu hizi ni za mfano tu. Shati la Japani linafika bandari ya Dar es Salaam kwa shilingi 8. Serikali ya Tanganyika inatoza ushuru wa shilingi 2. Wewe mnunuzi unalipa shilingi 10. Baadaye kinajengwa kiwanda cha mashati Nairobi. Kiwanda hicho ni kipya, wafanya kazi wake bado wanajifunza, hakiwezi kutengeneza shati kwa shilingi 8. Kinatengeneza kwa shilingi 10. Lakini shati la Nairobi halilipi ushuru, kwa hiyo linaweza kuuzwa Dar es Salaam bei ile ile ya shilingi 10.

Wewe mnunuzi hukuona tofauti. Ulilipa shilingi 10 jana, na leo umelipa 10. Lakini shilingi zako zimekwenda wapi? Jana shilingi 2 ziliingia katika Hazina ya Tanganyika, zikanunua chaki na dawa za zahanati. Leo zote 10 zimekwenda Nairobi, kulipa mishahara ya watu wa Nairobi na faida ya mwenye kiwanda. Ushuru umekuwa ukuta wa kukilinda kiwanda, na nusu ya matofali ya ukuta huo yametolewa na nchi ambayo haina kiwanda.

Someni tena aya hiyo ikiwa hamkuielewa. Mawaziri wa fedha wa Tanganyika na Uganda waliielewa sana.

Wa Uganda walikuwa wa kwanza kutafuta dawa. Baada ya vita kuu ya pili, Gavana wa Uganda, Sir John Hall, alikuwa na fikira moja kubwa. Uganda haina pwani, na kila mashine inayokwenda Uganda hulipa nauli ndefu ya reli. Lakini Uganda ina kitu ambacho Nairobi haina: Mto Naili unatoka ziwani pale Jinja kwa nguvu nyingi. Kukijengwa bwawa, kutakuwa na umeme mwingi wa bei nafuu, na wenye viwanda wataufuata umeme. Basi likajengwa bwawa la Owen Falls, na Malkia Elizabeth wa Pili akalifungua mwezi wa Aprili 1954. Mwaka 1952 Serikali ilikuwa imekwisha kuunda Shirika la Maendeleo la Uganda, ili Serikali yenyewe itie fedha pamoja na matajiri wa ng'ambo. Hilo lilikuwa jambo jipya katika nchi zetu, nami naliona lilikuwa jambo la akili. Kiwanda cha nguo cha Jinja kilianza hivyo, kwa fedha za Shirika pamoja na kampuni moja ya Manchester. Mwaka 1956 kiwanda cha kuyeyushia shaba ya Kilembe nacho kilikuwa kikifanya kazi pale Jinja.

Lakini viwanda havikuja kwa wingi uliotazamiwa. Umeme wa bei nafuu ni kitu kizuri, ila kwa mtu anayetengeneza sabuni au biskuti umeme ni sehemu ndogo ya gharama zake. Yeye anatazama zaidi wanunuzi, nao walikuwa Nairobi. Umeme wa Jinja ukawa mwingi kuliko wateja wake. Mwaka 1955 Uganda ikafanya mapatano ya kuuuzia Kenya, na mwaka 1958 nyaya zikakamilika. Basi nguvu za Naili, zilizofungiwa bwawa ili kuvivuta viwanda kutoka Nairobi kuja Jinja, zikavuka mpaka zikasaidia kuendesha mashine za Kenya. Sidhani Gavana Hall alilitazamia jambo hilo.

Waingereza walijaribu pia sheria ya leseni. Tangu mwaka 1948 aina fulani za viwanda hazikuweza kujengwa katika nchi yo yote ya hizo tatu bila leseni ya baraza moja la pamoja. Ilisaidia hapa na pale, lakini leseni humzuia mtu asijenge. Haiwezi kumlazimisha ajenge mahali asipopataka.

Ukaja uhuru. Tanganyika ilipata uhuru Desemba 1961, Uganda Oktoba 1962, Kenya Desemba 1963. Viongozi walikuwa marafiki. Mwezi wa Juni 1963, Nyerere, Obote na Kenyatta walitoa tamko mjini Nairobi kwamba wanataka nchi zao ziwe shirikisho moja, yaani serikali moja. Hebu fikirini: kama lingetimia, kiwanda kikijengwa Nairobi au Jinja kingekuwa cha nchi moja, na Hazina ingekuwa moja.

Halikutimia. Badala yake kila nchi ilianza kumwita mgeni kwa sauti yake. Tanganyika ilipitisha sheria ya kulinda mali za wenye mitaji wa nchi za nje mwaka 1963. Uganda ikapitisha yake mwaka 1964. Kenya nayo mwaka 1964. Sheria hizo tatu zilifanana kama ndugu wa tumbo moja. Kila moja ilimwambia tajiri wa ng'ambo, kwa maneno yake: lete mtaji wako, sajili mali yako, na faida yako utaruhusiwa kuipeleka kwenu. Na nchi zote tatu zikisema neno lile lile, neno hilo halimvuti mgeni kwenda kwa mmoja wao kuliko mwingine. Mgeni alichukua ahadi tatu akaziweka mfukoni, akaenda tena Nairobi.

Tanganyika ikasema mwanzoni mwa mwaka 1964 kwamba mambo yakiendelea hivi itajitoa katika soko la pamoja. Ndipo mawaziri wakakutana Kampala mwezi wa Aprili 1964. Mapatano ya Kampala, kwa maoni yangu, ndiyo jaribio la busara kuliko yote katika habari hii, na ni watu wachache wanaoyakumbuka leo. Mawaziri walifanya kama wazee wanaogawa shamba la urithi. Walisema: badala ya kugombania kila kiwanda, tugawane viwanda vikubwa ambavyo havijajengwa bado, kila kimoja kiwe katika nchi moja na kiuzie zote tatu. Tanganyika ikapewa kuunganisha magari ya Land Rover, kutengeneza redio, bati za alumini, na tairi za magari. Uganda ikapewa baisikeli na mbolea ya naitrojeni. Kenya ikapewa taa za umeme, yaani balbu.

Pengine mtacheka mkiona Kenya imepewa balbu tu. Lakini kumbukeni Kenya ilikwisha kuwa na viwanda vingi, na shabaha ya mapatano ilikuwa kupunguza pengo. Mapatano yalisema pia kwamba nchi yenye upungufu ingeweza kuweka kiasi maalum kwa bidhaa kutoka kwa jirani, na kwamba kampuni zenye viwanda zaidi ya kimoja zingeombwa kuongeza kazi zao Tanganyika na Uganda.

Wakuu wa nchi waliyakubali tena mapatano hayo huko Mbale, Januari 1965. Hata hivyo Serikali ya Kenya haikuyathibitisha kisheria. Msiharakishe kuilaumu. Kenya ilikuwa nayo na vijana wake wasio na kazi, waliokwisha kuambiwa kwamba uhuru utaleta kazi. Waziri wa Nairobi angewaambiaje kwamba kiwanda kinachotaka kuja Kenya kimekataliwa ili kiende Arusha? Tanzania (maana Tanganyika na Unguja zilikuwa zimeungana Aprili 1964, na jina Tanzania likaanza kutumika mwaka huo huo) ilijibu kwa kuweka mipaka kwa bidhaa za Kenya mwaka 1965. Mwaka 1966 kila nchi ikaanzisha Benki Kuu yake na shilingi yake.

Wakaitwa wataalamu, chini ya Profesa Kjeld Philip wa Denmark, ambaye alikuwa amepata kuwa Waziri wa Fedha kwao. Kutokana na kazi yao ukatiwa sahihi Mkataba wa Ushirikiano wa Afrika ya Mashariki mjini Kampala, tarehe 6 Juni 1967. Hiyo ndiyo Jumuiya ya kwanza. Mkataba ulikuwa na mambo mengi mazuri. Kwa mfano, ulianzisha Benki ya Maendeleo ya Afrika ya Mashariki, makao makuu Kampala. Nchi tatu zilichangia sawasawa, lakini mikopo ya viwanda igawanywe hivi: Tanzania asilimia 38.75, Uganda asilimia 38.75, na Kenya asilimia 22.5. Yaani Kenya ilikubali kutoa theluthi na kupokea chini ya robo. Nchi kukubali jambo la namna hiyo si kitu kidogo.

Lakini ulikuwamo mlango mwingine katika mkataba huo. Nchi iliyokuwa ikinunua zaidi kuliko ilivyouza kwa jirani zake iliruhusiwa kutoza kodi maalum juu ya bidhaa za jirani, ili viwanda vyake vichanga vipate nafasi. Huruma hiyo ilikuwa na sharti: huwezi kutoza kodi hiyo isipokuwa una kiwanda chako mwenyewe cha bidhaa ya namna ile ile, au utakuwa nacho katika muda wa miezi mitatu. Mwaliona linaloelekea? Kodi iliyokusudiwa kusawazisha iliiambia kila nchi: jenga kiwanda kama cha jirani yako. Ule mgawanyo wa Kampala, balbu huku na baisikeli kule, haukuwamo tena. Mkataba ulizitaka nchi zijitahidi kukubaliana juu ya vivutio vya aina moja kwa wenye mitaji, ili zisizidishiane. Hawakukubaliana.

Na sasa tuje kwenye tairi.

Kabla ya hapo nitawapa mfano wa tanuri la mikate. Fundi mkate akiwasha tanuri lake kwa mikate 50, kuni zitaungua karibu sawa na za mikate 500. Tanuri ni lile lile, mkesha ni ule ule, mshahara wa fundi ni ule ule. Akioka 500, gharama ya kila mkate ni ndogo. Akioka 50, kila mkate unabeba mzigo mzito. Kijiji kikiwa na walaji wa mikate 500, tanuri moja hupata faida na mkate huwa rahisi. Wakijenga matanuri mawili, kila mmoja huoka 250, na walaji hulipa kuni za matanuri mawili. Kiwanda cha tairi ni tanuri kubwa sana. Mashine zake ni za fedha nyingi, na zote zilitoka ng'ambo. Katika miaka ya 1960 magari ya nchi zetu tatu kwa jumla yalikuwa bado machache. Mawaziri wa Kampala walijua hivyo, ndiyo maana walisema tairi zitengenezwe mahali pamoja tu.

Tanzania ilipatana na kampuni ya Marekani iitwayo General Tire. Kampuni ya General Tyre ya Afrika ya Mashariki ilianzishwa mwaka 1969, Serikali ikiwa na sehemu kubwa ya hisa, na kiwanda kikajengwa Arusha. Lakini mwaka huo huo 1969, kampuni nyingine ya Marekani, Firestone, iliandikishwa Kenya ili ijenge kiwanda Nairobi. Viwanda vyote viwili vilianza kutoa tairi mnamo mwaka 1971. Kutoka Arusha hadi Nairobi ni safari ya gari ya siku moja, na jioni umekwisha kula chakula chako.

Weka sasa kidole chako nje ya ramani yetu, mbali sana, kule Marekani. Makao makuu ya General Tire yalikuwa mji wa Akron, katika jimbo la Ohio. Na makao makuu ya Firestone? Mji huo huo wa Akron. Wenye kampuni hizo walikuwa majirani, na mashindano yao yalikuwa ya zamani kuliko bendera zetu. Fikirini kama mwenye kiwanda: mwenzako wa Akron akijenga ndani ya ukuta wa ushuru wa Afrika ya Mashariki, wewe utabaki nje, na tairi zako zitalipa ushuru hali zake hazilipi. Utafanya nini? Utatafuta serikali nyingine iliyo ndani ya ukuta huo huo, nayo ikufungulie mlango. Haikuwa shida kuipata, maana kila serikali ilikuwa imesimama mlangoni ikimngoja mgeni.

Kila kampuni inayojenga tanuri kubwa kijijini penye walaji wachache huomba jambo moja kwanza, kabla hata ya kiwanja: uhakika kwamba mikate ya nje haitaingia. Dereva wa lori wa Dodoma au wa Nakuru hakuwa katika chumba cha mazungumzo, wala mwenye duka anayelipa nauli ya lori. Lakini wao ndio waliobeba kuni za tanuri la pili.

Tairi hazikuwa peke yake. Mbolea, ambayo Kampala ilikuwa imeipa Uganda, ilijengewa kiwanda Tanga, kilichoanza kazi mwaka 1972 pamoja na kampuni ya Ujerumani ya Magharibi. Malighafi yake karibu yote ilikuja kwa meli. Baada ya hapo Kenya nayo ikataka kiwanda chake cha mbolea Mombasa. Kiliitwa Ken-Ren, nacho kilikuwa pamoja na kampuni ya Marekani. Serikali ya Kenya ikadhamini mikopo ya ng'ambo kwa ajili yake katikati ya miaka ya 1970. Kiwanda hicho hakikutoa hata gunia moja la mbolea, lakini deni lake liliendelea kulipwa na wananchi wa Kenya kwa miaka mingi sana. Mkulima aliyehitaji mbolea alinunua ya nje, na kodi yake ikasaidia kulipa deni la mbolea isiyokuwapo.

Mwisho wa Jumuiya ya kwanza mnaujua, nami nitaupitia upesi. Januari 1971 Idi Amin alipindua serikali ya Obote, na tangu hapo wakuu watatu hawakuketi tena katika meza moja. Februari 1977 Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya, na katikati ya mwaka huo Jumuiya ilikufa. Sababu zilikuwa nyingi: siasa, reli, ndege, fedha. Viwanda vilikuwa sababu mojawapo. Mpaka haukufunguliwa tena hadi mwaka 1983. Kwa miaka hiyo tanuri la Arusha lilioka kwa walaji wa upande mmoja, na la Nairobi kwa wa upande mwingine. Benki ya Maendeleo ya Kampala haikufa.

Mashindano nayo hayakufa. Yalibadili nguo. Mwaka 1990 Kenya ilitunga sheria ya maeneo maalum ya viwanda vya kuuza bidhaa nchi za nje, na mwenye kiwanda humo alisamehewa kodi ya faida kwa miaka 10. Mwaka 2002 Tanzania nayo ikatunga sheria ya maeneo ya namna hiyo, na msamaha wake ulikuwa wa miaka 10 pia. Uganda ikafuata mwaka 2014 na sheria ya maeneo huru. Mwazikumbuka zile sheria tatu za mwaka 1963 na 1964 zilizofanana kama ndugu?

Jumuiya ya pili, ambayo mkataba wake ulitiwa sahihi Novemba 1999, ilijifunza kitu kimoja kutoka kwa ya kwanza. Umoja wa Forodha ulipoanza Januari 2005, bidhaa za Uganda na Tanzania ziliingia Kenya bila ushuru mara moja, lakini bidhaa fulani za Kenya ziliendelea kulipa ushuru zikiingia kwa jirani, ukipungua mwaka hata mwaka hadi ukaisha baada ya miaka 5. Hapakuwa na sharti la kujenga kiwanda kama cha mwenzako.

Ama matanuri yetu mawili, kufikia mwaka 2009 mashine za tairi za Arusha zilikuwa zimesimama. Kiwanda cha Nairobi kilikuwa kimekwisha kununuliwa na wenyeji wa Kenya na kubadili jina. Mwaka 2016 nacho kikaacha kutengeneza tairi, maana tairi za Asia zilikuwa rahisi kuliko zake.

Sasa kazi ya darasa. Mwalimu, ligawe darasa katika makundi matatu, na kila kundi liwe serikali ya nchi moja. Mchague mtu mmoja mwenye maneno mengi awe mwenye kiwanda cha tairi, naye atoke nje. Kila serikali iandike katika karatasi, kwa herufi kubwa, mambo matatu ambayo itampa akijenga kwake: kiwanja, msamaha wa kodi, umeme, au lo lote mtakaloona. Mwenye kiwanda aingie, asome karatasi ya kwanza kwa sauti, halafu akaipeleke kwa kundi la pili na kuwauliza kama wataongeza kitu. Aende hivyo hivyo mpaka kundi la tatu, kisha arudi kwa la kwanza.

Mkikwisha, atoke nje tena. Safari hii makundi matatu yakae pamoja kwa dakika 10 kabla hajaingia, na yaandike karatasi moja tu. Wenye kukataa kutia sahihi waruhusiwe kukataa. Mwalimu na aziweke karatasi zote nne, asizitupe, maana juma lijalo tutazisoma pamoja.